Barua za Wachoraji Mashuhuri: Mwongozo wa Kuanza kwa Mtu wa Unguja na Pemba

Maswali ni yale yale. Mtu kanikuta barazani na jalada langu, au kasikia kwa jirani kwamba yule mwalimu wa kuchora aliyestaafu anakusanya barua za wachoraji wa Ulaya, basi anakuja na kikombe chake cha kahawa mkononi: "Mwalimu, unazipata wapi? Si mamilioni hayo? Utajuaje kama si feki? Na ya Van Gogh unayo?"

La mwisho nalijibu kwanza. Sina, na sitarajii. Barua aliyoiandika Van Gogh pamoja na mwenzake Gauguin mwanzoni mwa Novemba 1888, kumpelekea rafiki yao Émile Bernard, iliuzwa mnadani Paris mwaka 2020 kwa euro 210,600. Ikaenda Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam, ambako barua zake nyingi ndiko ziliko. Lakini wachoraji waliandika barua kama watu wengine wote: kuomba pesa, kukubali mwaliko wa chakula, kulalamikia fremu, kuahirisha safari. Barua za namna hiyo bado zinauzwa kila mwezi, na nyingine bei yake haizidi ya simu ya mkononi ya kawaida. Nimeandika haya ili nikiulizwa tena nimpe mtu karatasi, mimi niendelee na kahawa yangu.

Utaona nimeanza na unyevu kabla ya bei na saini. Nimekusudia. Mghushi anaweza kukupata mara moja kwa mwaka. Hewa ya hapa inakupata kila siku.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na ufito wa mpira, kama la kuwekea chakula. Ligeuze utazame pembetatu iliyo chini: namba 5 ni nzuri. Namba 3 iache dukani. Plastiki hiyo inatoa mvuke unaoharibu karatasi.
- Kipima unyevu kidogo cha tarakimu.
- Silika jeli, nusu kilo hivi, ile ya punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji. Vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu havitoshi, na huwezi kujua vilishiba tangu lini.
- Mifuko ya poliesta safi na karatasi isiyo na asidi. Hivi agiza nje mapema, visingoje barua ifike.
- Lenzi ya kukuzia mara kumi.
- Tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ile wanayomulikia noti kwenye maduka ya kubadilisha fedha.
- Penseli laini, 2B, na daftari. Kalamu ya wino isikae hata meza moja na barua.
- Kadi ya benki inayolipa nje ya nchi.
- Kifaransa au Kiingereza cha kusomea, au rafiki anayekijua na asiyechoka haraka.

Hatua kwa hatua

1. Ijengee barua nyumba kabla hujainunua.

Barua yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilikuwa ya mchoraji wa bandari wa Kifaransa ambaye hata Wafaransa wenyewe wengi hawamkumbuki, ukurasa mmoja, wino wa kahawia. Furaha ilinizidi. Nikaipeleka kwa fundi fremu, akaibana moja kwa moja kwenye kioo, nami nikaitundika sebuleni, kwenye ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba ya Mji Mkongwe. Anayekaa mjini anajua kuta hizo zinavyokunywa maji wakati wa masika. Mwezi Mei nikaona madoa ya rangi ya chai. Nilipoifungua fremu, pembe ya karatasi ilikuwa imegandana na kioo kama utando wa maziwa. Nikavuta. Maneno matatu yakabaki kwenye kioo, yanasomeka vizuri kabisa ukitazama kwa mbele. Kioo hicho ninacho mpaka leo.

Karatasi inataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukipita 65, ukungu unapata nafasi, na hewa yetu kwa kawaida iko juu zaidi ya hapo. Basi fanya hivi. Weka silika jeli kwenye kibakuli au mfuko wa kitambaa, pembeni mwa kontena, isiguse karatasi. Weka kipima unyevu ndani, funga, ngoja siku mbili. Kikisoma chini ya 55, nyumba ipo tayari. Kikishuka chini ya 40, punguza punje, kwa sababu karatasi iliyokauka mno inavunjika kwenye mikunjo. Punje zikigeuka kijani, zitandaze kwenye trei ya oveni, nyuzi 110 hadi 120, saa mbili au tatu, zitarudi rangi yake.

Siku nzuri ya kufungua na kupanga ni ya kiangazi cha Januari na Februari, au kipupwe, upepo wa kusi ukivuma mkavu. Usifungue mvua ikinyesha eti unataka tu kuonyesha wageni.

Kuna wanaosema, "Mimi nina kiyoyozi." Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kinaifanya karatasi ivimbe na kusinyaa kila siku, na hilo ni baya kuliko joto la kudumu. Halafu umeme wenyewe. Wanaokumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme wa kutoka bara, hawawezi kumkabidhi Shirika la Umeme roho ya karatasi ya miaka 130. Kontena halina waya.

2. Chagua mchoraji mmoja, au kundi dogo.

Anayenunua kila saini anayoisikia jina lake, baada ya mwaka ana rundo, hana mkusanyiko. Tafuta mtu aliyeandika sana na ambaye barua zake bado zinazunguka. Wenye vyeo ndio wazuri, kwa sababu cheo kinazaa barua.

Mfano ninaoupenda ni Paul Signac, Mfaransa aliyechora kwa nukta nukta za rangi, aliyezaliwa 1863 na kufariki 1935. Alikuwa rais wa Chama cha Wasanii Huru cha Paris kuanzia 1908 kwa zaidi ya miaka 25, na mtu wa cheo hicho kila siku anajibu fulani na fulani. Ndiyo maana barua zake fupi hupatikana kwa mamia ya euro, si maelfu. Tena alikuwa mtu wa bahari: katika maisha yake alimiliki vyombo zaidi ya 30. Mtu aliyekulia Malindi au Mkoani atamwelewa kuliko mkusanyaji wa milimani.

Upande wa Uingereza yupo mchoraji Frederic Leighton, rais wa Royal Academy, chama cha wasanii cha London, kuanzia 1878 hadi alipofariki 1896. Vijibarua vyake vya kukubali au kukataa mialiko ni vingi, na pauni mia moja au mbili inaweza kukutosha.

Nyumbani Afrika Mashariki, mtazame Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyezaliwa 1923, akasoma Makerere na chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akawa balozi wa Tanganyika London kuanzia 1961. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalinunua picha yake mwaka 1960. Mtu aliyekuwa mwalimu, mchoraji na balozi ameacha karatasi. Barua za watu kama yeye hazipo minadani bado. Ziko kwa jamaa, wanafunzi na marafiki. Ukizifuata, fuata kwa adabu: sema wewe ni nani na unataka nini, na mtu akisema barua ya marehemu haitoki nyumbani, ishia hapo. Usimpe mjane shilingi elfu ishirini kwa kitu unachojua thamani yake.

Na wapo wa kuwaacha kabisa. Barua za Rembrandt zilizobaki duniani ni saba, zote alimwandikia Constantijn Huygens kati ya 1636 na 1639. Vermeer hakuna hata moja inayojulikana. Mtu akikuletea barua ya Vermeer, mpe kahawa, kisha muage.

3. Jifunze mkono wake kabla ya kutafuta barua.

Mwezi mzima usinunue kitu. Tafuta picha za barua zake zilizomo kwenye makumbusho na maktaba, angalau 20, za miaka mbalimbali. Van Gogh ni wa kufanyia mazoezi bure: makumbusho yake yaliweka barua zote kwenye intaneti mwaka 2009, na picha za kurasa na tafsiri. Utagundua mara moja kwamba anasaini "Vincent" tu. Mchoraji Whistler yeye alichora kipepeo kama saini. Mambo haya ukiyajua kwa macho hayakutoki.

Usikodolee saini. Mghushi anaifanyia mazoezi saini mpaka inakuwa nzuri kuliko ya mwenyewe. Tazama maneno madogo yanayorudiwa, "na", "ya", "kwa" za lugha hiyo. Tazama mistari inavyopanda au kushuka kuelekea kulia, ukingo wa kushoto unavyohama, nafasi kati ya maneno. Mkono wa mtu anayeandika mwenyewe unakwenda mbio. Wa anayenakili unasitasita, na kwa lenzi utaona wino umejikusanya pale kalamu iliposimama ikifikiri.

Jifunze pia vyeo vyake na tarehe zake. Leighton alipewa ulodi tarehe 24 Januari 1896, kesho yake akafariki. Sasa fikiria mtu anakuuzia barua ya mwaka 1890 ambayo amesaini kama lodi.

4. Soma tangazo la muuzaji kama unavyosoma mkataba wa nyumba.

Herufi A.L.S., au L.A.S. kwa Wafaransa, zina maana barua yote ameiandika mwenyewe na kuitia saini. L.S. ni barua iliyoandikwa na mtu mwingine, yeye katia saini tu. Bei zinatofautiana sana, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Picasso kuanzia 1935 alikuwa na katibu wake, Jaime Sabartés, na barua ya katibu ni barua ya katibu hata ikiwa inazungumzia picha za bwana wake. Ukiona "inanasibishwa na" au "kwa namna ya", muuzaji kakwambia ukweli kwa sauti ndogo. Msikie.

Omba picha ya pande zote mbili, ya karatasi ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga, na ya bahasha kama ipo. Muuzaji mzuri anatuma siku hiyo hiyo. Anayekwambia "wapo watu wengine wanaisubiri", waache waichukue.

5. Uliza silsila.

Kama mtu anavyouliza silsila ya ukoo kabla ya posa, barua nayo ina silsila: mchoraji alimwandikia nani, huyo akafa ikaenda kwa nani, ikauzwa mnada gani, mwaka gani. Si lazima pete zote za mnyororo ziwepo, lakini pete mbili au tatu zinazoshikana ni bora kuliko cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti anaweza kujiandikia mtu yeyote mwenye printa.

Anayedhani wasomi hawadanganywi amkumbuke Michel Chasles, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa. Katika miaka ya 1860 alinunua kwa mghushi Denis Vrain-Lucas barua zaidi ya 27,000. Zilikuwemo za Cleopatra na za Maria Magdalena, na zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Chasles alizitaka mno ziwe kweli, hasa zile zilizoonyesha kwamba Mfaransa Pascal alimtangulia Mwingereza Newton kugundua nguvu ya uvutano, hata hakuuliza Cleopatra alijifunzia wapi Kifaransa. Vrain-Lucas alifungwa miaka miwili mwaka 1870.

Upande wa pili wa silsila ni wizi. Ukiona muhuri wa maktaba au wa jalada la serikali, au mahali ulipokwanguliwa, usiinunue mpaka taasisi hiyo iseme kwamba iliitoa kihalali. Hapa kwetu ni hivyo hivyo: karatasi yenye muhuri wa idara ikitokea kwenye duka la vitu vya kale pale Gizenga, pahala pake ni Nyaraka za Taifa, Kilimani. Mkusanyiko wako haiuhusu.

6. Piga hesabu mpaka mlangoni.

Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho nyundo ikigongwa mnadani, ndiyo mwanzo. Nyumba ya mnada inaongeza tozo ya mnunuzi, mara nyingi robo ya bei au zaidi. Kisha ufungashaji, usafirishaji, bima, makato ya benki, na ushuru wa forodha. Mimi huzidisha bei ya nyundo kwa moja na nusu. Ikiwa bado naimudu, ndipo nainua mkono. Ushuru uliza wakala wa forodha kabla ya kulipa, si mzigo ukiwa umeshakwama. Na Ufaransa, hati za zamani kwa kutegemea umri na thamani zinahitaji kibali cha kutoka nchini. Mwulize muuzaji nani anakitafuta na kinachukua muda gani.

Usikubali muuzaji aandike "zawadi" na thamani ya uongo kwenye fomu. Mzigo ukipotea bima italipa thamani ile ya uongo, na forodha wakiufungua utaeleza wewe.

Mwambie aifunge kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko usiopitisha maji, isikunjwe upya. Ukiwa Pemba, mzigo utavuka bahari mara ya pili. Mwombe anayekuletea aushike mapajani, usiwekwe sitaha chini ya magunia na madumu. Nimepokea boksi Wete lililonuka ngisi. Mfuko wa plastiki ndio uliookoa kilichokuwemo.

7. Kagua siku inayofika.

Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Glovu za pamba huzihitaji. Zinapunguza hisia za vidole ndipo unapochana karatasi. Kama umetoka kula urojo, osha mara mbili.

Kwanza lenzi. Wino wa kalamu una kingo, umeingia kwenye nyuzi za karatasi, mahali pengine mzito pengine mwepesi. Ukiona vinukta vidogo vya rangi vilivyotawanyika, hiyo ni printa. Ukiona wino wa rangi moja bapa kila mahali, huenda ni nakala ya chapa iliyotoka kwenye kitabu. Ziko nyingi, na wengine huziuza bila kujua.

Kisha zima taa, washa tochi ya zambarau. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe kiasi cha 1950. Karatasi ya namna hiyo inang'aa buluu kama kanzu nyeupe kwenye taa za ukumbi wa harusi. Barua ya "1890" inayong'aa hivyo, imekwisha. Isipong'aa hujathibitisha kitu, kwa kuwa karatasi tupu za zamani zinauzwa, na wanaoghushi wanajua pa kuzipata.

Halafu inue kwenye mwanga wa dirisha utafute alama ya maji ya kiwanda, wakati mwingine ina mwaka. Barua yenye mwaka 1902 kwenye karatasi ya 1911 haihitaji mtaalamu. Na wino wa kalamu ya bolpeni kabla ya miaka ya 1940 ya kati haupo: Bíró alisajili uvumbuzi wake 1938, na kalamu zikaanza kuenea baada ya vita.

Una shaka? Andika siku hiyo hiyo. Muda wa kurudisha mara nyingi ni mfupi, na unahesabiwa toka siku ya kupokea.

8. Isome, iandike daftarini.

Ajabu ni kwamba wengi hawazisomi. Wanaweka saini, wanafunga. Barua mimi naisoma kwanza kwa sauti, hata nisipoielewa yote, halafu nanakili neno kwa neno kwa penseli, na pale nisipoweza kusoma naacha mabano matupu. Baada ya wiki mabano yanajijaza yenyewe, jicho likishazoea.

Angalia tarehe za Wafaransa wa zamani. Waliandika 7bre, 8bre, 9bre na Xbre. Anayeanza anasoma 7bre kama mwezi wa saba, Julai. La. Ni Septemba, kwa sababu jina lenyewe lina saba ya Kilatini ndani yake. 8bre ni Oktoba, 9bre Novemba, Xbre Disemba. Sisi tunaosema saa saba mchana huku saa ya ukutani ikionyesha moja tusingepaswa kushangaa.

Nyingine hazina tarehe, zina "Alhamisi" tu. Hapo bahasha na muhuri wa posta vinakuokoa, ndiyo maana bahasha haitupwi hata ikiwa imechanika. Usibandue stempu. Mkusanyaji wa stempu aliyepita nyumbani kwangu aliniomba "hiyo tu ya pembeni". Nilimwekea kahawa mbali na meza.

Kila barua ipe namba. Namba hiyo iandike kwenye mfuko, au kwa penseli nyepesi nyuma ya karatasi, pembeni chini. Daftarini andika: nani kamwandikia nani, tarehe, ukubwa kwa sentimita, umeinunua wapi, kiasi gani, silsila yake, kasoro zake. Piga picha za pande zote mbili, weka nakala nje ya nyumba. Wageni waonyeshe picha.

9. Karatasi ni yako, maneno si yako.

Kununua barua hakukupi haki ya kuichapisha. Maneno ni ya mwandishi na warithi wake, na Ufaransa haki hiyo kwa kawaida hudumu miaka 70 baada ya kifo. Monet, aliyefariki 1926, yuko huru. Picasso, aliyefariki 1973, bado mpaka mwisho wa 2043.

Makosa yanayojirudia

Laminesheni. Kijana mmoja wa Ng'ambo alileta barua yake ya kwanza kunionyesha, inang'aa kama kitambulisho. Aliipitisha kwenye mashine ya steshenari "ili isiharibike". Joto na gundi vimekwishaingia kwenye nyuzi; haitoki tena. Nilimwambia ni nzuri, kisha alipoondoka nikakaa kimya muda mrefu.

Selotepu kwenye mchaniko. Inageuka njano, gundi inahamia kwenye wino, na doa lake halina dawa ya nyumbani.

Sanduku la njumu la bibi. Zuri la kutazama, lakini mbao zinatoa asidi na harufu, na ndani yake kuna miaka mia ya mafuta ya nywele. Weka kontena ndani ya sanduku ukitaka, barua isiguse mbao.

Karafuu na udi. Wengi wanatia karafuu kufukuza wadudu, kama kwenye kabati la nguo. Karafuu ina mafuta, na mafuta kwenye karatasi ni doa. Nafthalini nayo usiifungie pamoja na barua. Na chumba kinachofukizwa udi kila Alhamisi kisiwe ndicho unachofungulia kontena.

Kununua kama kitega uchumi. Kampuni moja ya Ufaransa iliwauzia watu maelfu hisa za hati na barua kwa ahadi ya faida, ikaanguka mwaka 2015. Barua zikapigwa mnada kwa miaka, na wengi hawakupata walichotoa. Nunua unachotaka kukisoma.

Mambo yakiharibika

*Kipima unyevu hakishuki chini ya 65.* Mfuniko unavuja au punje zimeshiba. Funga kipande cha karatasi kwenye ukingo wa mfuniko, kivute: kikitoka kwa urahisi, badilisha kontena.

*Kuna manyoya meupe au ya kijani juu ya karatasi.* Ukungu hai. Usiupanguse, utausambaza na kuuvuta puani. Itenge barua hiyo kwenye mfuko wa peke yake, pamoja na silika jeli, mpaka ukungu ukauke uwe unga. Kisha nje ya nyumba, umevaa barakoa, uondoe unga kwa brashi laini ya rangi za maji, ukisukuma kutoka katikati kwenda nje. Doa litabaki. Liache, dawa ya kung'arisha nguo inakula karatasi.

*Kuna vidudu vya rangi ya fedha, au ukingo umeliwa.* Funga barua ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili. Ukitoa, usifungue mifuko kwa siku nzima, mpaka baridi iishe, la sivyo jasho la friza litailowesha. Mchwa ni habari nyingine: ukiona udongo wao ukutani, hamisha kontena kwanza, mwite mtu wa dawa baadaye.

*Barua imelowa.* Usiianike juani, wala usitie pasi. Itandaze juu ya karatasi nyeupe za kunyonya maji, chumbani, feni ikielekezwa darini, si kwenye barua. Badilisha karatasi za chini kila baada ya saa moja au mbili.

*Imegandana na kioo.* Unakumbuka nilichofanya mimi. Usivute. Iache kwenye kioo chake, ikiwa imelazwa bapa, mpaka umpate mhifadhi wa karatasi.

*Wino wa kahawia umeanza kutoboa karatasi.* Huo ni wino wa chuma, unatengenezwa kwa vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma, na una asidi. Usiikunje wala kuikunjua tena, usiruhusu maji. Iweke bapa ndani ya karatasi isiyo na asidi, ukiitaka kuisoma, soma picha.

*Imegundulika ni feki.* Mwandikie muuzaji kwa utulivu, eleza ulichokiona, mpelekee picha za chini ya lenzi na za chini ya tochi. Wengi wenye jina hurudisha fedha. Asiporudisha, andika "feki" kwa penseli nyuma yake na uitunze kwa kujifunzia. Usiiuze. Mimi ninayo moja, Monet wa 1888 anayeng'aa buluu, na kila anayekuja na maswali yale manne namzimia taa nimwonyeshe huyo kwanza.